Binti Aliyeandikwa Mwanaume

Kabla ya kuwa mkalimani, Laurence Bauma alikuwa mwalimu wa Kiingereza kule Pinga, kwenye shule ya mbao iliyokaa juu kidogo ya soko. Miaka kumi na mmoja alisimama mbele ya ubao uleule akifundisha mambo yaleyale: kwamba Kiingereza hakikubali sentensi isiyotanguliza mtu, kwamba kitenzi cha mtu mmoja anayesemwa huongezewa herufi moja mwishoni, kwamba neno la kusema "kila mara" hukaa mbele ya kitenzi, si nyuma yake. Hilo la mwisho ndilo lililomchosha kuliko yote. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kuzoea Kifaransa, na Kifaransa huliweka neno hilo nyuma, basi kila mwaka walimwandikia "I go always to the field", na kila mwaka yeye alichora mshale mwekundu wa kulirudisha "always" mahali pake. Nyumbani mumewe, Élie, fundi wa kutengeneza redio, alikuwa akiyachukua madaftari na kuihesabu ile mishale kwa sauti huku anacheka. "Leo umepiga mishale mingi kuliko askari," alimwambia siku moja. Wakati huo lilikuwa bado jambo la kuchekesha.

Vita vilipopanda Pinga, watu walitoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala kwenye migomba. Élie alimpakiza Laurence kwenye pikipiki ya jirani pamoja na magodoro mawili na sufuria. Yeye mwenyewe alitaka kwanza kufukia vyombo vyake vya kazi na kutoa maharagwe yaliyokuwa yameanikwa.

"Tangulia," alisema. "Tutakutana Mweso."

Laurence alingoja Mweso siku nne. Siku ya tano wenye nyumba waliomkaribisha nao wakakimbia, akaenda nao mpaka Kitshanga, kambini. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka miwili na miezi kidogo.

Katika muda huo wote hakulia. Wanawake wa upande wake wa kambi walilisema jambo hilo, kwanza kwa kumsifu, baadaye kwa kumwogopa kidogo. Yeye mwenyewe hakuwa na la kueleza. Alikula bugali na sombe ya majani ya muhogo kwa sababu wakati wa kula ulikuwa umefika. Mvua ilipopiga bashi, turubai la kibanda chake, usiku kucha, aliisikia kama mvua ya kwa watu wengine. Alijua kwamba mahali fulani ndani yake kulikuwa na jambo la kuuma, kama mtu anavyojua kwamba mguu wake uko chini ya blanketi hata ukiwa umekufa ganzi. Ila hakuweza kuufikia, wala hakuwa na haraka ya kuufikia.

Kazi aliipata kwa sababu ya Kiingereza chake. Shirika moja la kutafuta watu waliopotezana lilifungua biro, ofisi ndogo, karibu na soko la ng'ombe. Mkubwa wa pale, Madame Efua, alitoka Ghana. Hakujua Kifaransa wala Kiswahili, na ofisi kuu yao, iliyokuwa nchi ya mbali, ilisoma Kiingereza tu. Watu walikuja kueleza wamepotezana na nani, wapi, lini. Laurence alisikiliza kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza kwenye fishi, karatasi moja kwa kila mtu anayetafutwa. Palipokuwa na maswali aligeuka na kumwambia Madame Efua maneno ya yule aliyekaa mbele yao, akiyasema kama mkalimani anavyofundishwa, kwa kutumia "mimi". Mimi nilimwacha mtoni. Mimi nilirudi, sikumkuta. Kutwa nzima alikuwa mimi wa watu kumi na wawili, kumi na watano. Jioni alirudi kibandani akiwa si mtu wa aina yoyote, na hali hiyo haikumsumbua.

Mwanzoni aliwatazama watu usoni. Kisha akaanza kutazama karatasi tu. Sentensi zilikuja zenyewe, mtu mbele, kitenzi nyuma yake, na mkono wake ukaandika kama unavyoosha vyombo.

Mwezi wa kumi aliingia mama mmoja mrefu, aliyejifunga kikwembe cha kijani, mikono yake ikinuka maziwa. Jina lake Uwamahoro. Familia yake ilikuwa ya wafugaji, na hata kambini, akiwa na ng'ombe wawili tu waliobaki, aliamka kila siku kukamua na kwenda kuuza maziwa sokoni. Alikuwa akimtafuta mtoto wake, Muhawenimana, mwenye miaka kumi na mitatu. Walipotezana njiani, upande wa Nyabiondo, risasi zilipotawanya watu.

"Mutoto alikuwa anatembea mbele na ndama," Uwamahoro alisema. "Alikuwa na koti ya baba yake. Anajua kukamua. Anapenda kuimba peke yake. Nilimuita, hakusikia."

Laurence aliandika. Jina kama Muhawenimana huweza kuwa la mwanaume au la mwanamke. Kiswahili nacho, katika maneno yote yale, hakikumwambia kitu: anatembea, anajua, anapenda, hakusikia. Lakini Kiingereza hakiwezi kupiga hatua bila kuamua. Koti la baba, ndama, kutembea mbele. Mkono wa Laurence ukaamua wenyewe. Ukaandika "he", yule wa kiume. "He was walking ahead with a calf. He knows how to milk. He often sings alone." Kila neno lilikaa mahali pake. Kile kisanduku cha kuonyesha kama anayetafutwa ni wa kiume au wa kike alikijaza mwishoni kabisa, na alikijaza kwa kuangalia sentensi zake mwenyewe, wala si kwa kumuuliza mama aliyekaa mbele yake umbali wa mkono mmoja.

Fishi ikaenda. Miezi mitano ikapita.

Mwezi wa tatu ikaja habari kutoka Rubaya, kwenye milima ya machimbo ya koltani. Watu wa shirika walikuwa wamemkuta mtoto aitwaye Muhawenimana akibeba mifuko ya mchanga, umri wake ukikaribiana na ule, hajui mama yake yuko wapi. Walituma picha kwenye telefone ya Madame Efua. Uwamahoro akaitwa. Alikuja mbio, bidoni ya maziwa bado mkononi, akaiweka chini mlangoni bila kuangalia imesimama vizuri au la.

Madame Efua alimpa telefone kwa mikono miwili. Uwamahoro aliitazama ile picha kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Laurence.

"Huyu ni nani?"

"Ni Muhawenimana, mama. Walimupata Rubaya."

"Huyu iko kijana."

Laurence akainama kuiangalia picha.

"Wangu iko binti," Uwamahoro alisema, taratibu, kama anayemsemesha mtu mgonjwa. "Muhawe wangu iko binti. Nani aliwaambia ni kijana?"

Madame Efua aliuliza kwa Kiingereza mama amesema nini. Laurence alifungua mdomo ili aseme kama kawaida, kwa "mimi", mtoto wangu ni binti, na sauti ikagoma. Akasema: "Anasema mtoto wake ni binti. Mimi ndiye niliyekosea." Hii "mimi" ilikuwa yake mwenyewe, na ilimtoka kwa tabu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

Madame Efua hakupiga kelele. Alitoa ile fishi kabatini, akaisoma yote, kisha akaiweka mezani.

"Inawezekanaje kutojua?" aliuliza.

"Lugha yetu haisemi. Ina neno moja kwa wote."

"Sasa ninyi mnajuaje?"

"Tunauliza."

"Na wewe uliuliza?"

"Hapana, Madame."

Uwamahoro hakuelewa maneno yao, lakini alielewa nyuso. Alikuwa bado ameishika ile telefone. Laurence alingoja atukanwe, na alikuwa tayari. Aliona afadhali atukanwe. Lakini Uwamahoro alimrudishia Madame Efua telefone, akaelekeza kidole kwenye uso wa yule kijana.

"Na huyu, mama yake iko wapi? Nani anamutafuta huyu?"

Akachukua bidoni yake, akatoka. Kwenye ngazi alisimama kidogo akishika mlango, kisha akashuka kuelekea sokoni, maana maziwa hayangengoja.

Madame Efua alimpa Laurence wiki moja. Fishi zilikuwa mia mbili na kumi na nne. Alitakiwa azipitie zote, kibanda kwa kibanda, aulize upya kila "he" na kila "she". Hakumfukuza. Alisema tu, "Nenda ukawaangalie." Pengine alimaanisha watu, pengine karatasi, Laurence hakuuliza.

Akaanza siku ya kwanza ya wiki hiyo, kwenye matope ya mwezi wa tatu, fishi zikiwa zimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Watu walimwona amerukwa na akili. "Madame, Jean-de-Dieu anaweza kuwa binti?" mzee mmoja alimuuliza, na wajukuu wake wakacheka. Mama mwingine alikasirika: miaka miwili hamjaniletea habari, leo mnakuja kuniuliza kama mutoto yangu ni mwanaume. Laurence alisema pole, akatia alama, akaenda kwa mwingine. Lakini ili kuuliza ilibidi awatazame, na kila alipowatazama walimwambia mambo ambayo hayakuwamo kwenye fishi. Kwamba anatembea haraka, lazima umkimbilie. Kwamba anakula polepole mpaka wenzake wanamaliza. Kwamba hasemi kitu asubuhi. Aliyaandika pembeni, kwa herufi ndogo. Alipata makosa mengine matatu: mtoto mchanga wa Mweso, bibi kizee aliyekuwa ameandikwa mzee wa kiume, na mtoto mmoja aitwaye Dieudonnée, ambaye fishi ilimwacha bila ile "e" ya mwisho inayoonyesha kwamba ni wa kike.

Siku ya nne akafika kwenye fishi ya mia moja na sabini. Ilikuwa ya Élie.

Alikuwa ameiandika mwenyewe, wiki yake ya kwanza kazini, kwa mwandiko safi wa mwalimu. "He was tall. He repaired radios. He did not come to Mweso. He did not come back." Hapakuwa na kosa hata moja. Juu, pembeni, mtu wa ofisi kuu alikuwa amegonga muhuri mdogo wa bluu, ule waliougonga kwenye fishi za watu wanaodhaniwa wamekufa. Fishi za muhuri huo zilikaa kabati la chini. Waliotumwa kwenda kutafuta vijijini hawakuzibeba.

Alikwenda nayo kwa Madame Efua. "Kwa nini mliigonga muhuri?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku.

Madame Efua aliisoma. "Kwa sababu ya vitenzi," alisema. "Vyote viko wakati uliopita. Alikuwa mrefu. Alitengeneza. Hakurudi. Anayesoma kule mbali anafikiri wewe mwenyewe unajua kwamba ameshakufa." Akaongeza, kwa upole kidogo, "Unajua?"

"Sijui."

"Ulitaka kuandika nini?"

"Sijui, Madame."

Na kweli hakujua. Alikuwa amewafundisha watoto wa watu tofauti ya maneno hayo miaka kumi na mmoja: kitenzi cha jambo lililokwisha, na kitenzi cha jambo ambalo mlango wake uko wazi, lenye kale kaneno "yet" mwishoni, yaani "bado". Alikuwa na wimbo wa kuwakumbusha. Walipokosea aliwachorea mshale. Lakini wiki ile ya kwanza mkono wake ulichagua kilicho kifupi.

"Basi iache mpaka ujue," Madame Efua alisema.

Fishi ya Uwamahoro iliandikwa upya siku ileile ya picha, ikapelekwa Nyabiondo na Walikale. Kumbe pale Nyabiondo palikuwa na habari tangu zamani. Familia moja ya wakulima ilikuwa imemhifadhi binti wa miaka kumi na mitatu mwenye koti kubwa la kiume, na chifu wao alikuwa amepeleka jina lake kwenye orodha ya wasichana mwezi wa kumi na mbili. Hakuna aliyelilinganisha na fishi ya Uwamahoro, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtafuta msichana. Binti alingoja mpaka mwisho wa Januari. Kisha ile familia ikakimbia tena, wakaelekea Walikale, naye akaenda nao. Mtu wa shirika aliwafuata kwa pikipiki siku mbili. Akawakuta.

Telefone ilipigwa Jumatano, saa nne asubuhi. Uwamahoro alikaa kwenye kiti cha mbao, telefone mezani, sauti imefunguliwa ili wote wasikie. Laurence alikuwa pembeni na biki yake ya kuandikia, tayari kutafsiri.

"Mama?" sauti ilisema.

"Muhawe."

"Mama, ndama alikufa."

"Hakuna shida."

"Nilimushika, akanitoroka, wakamupiga."

"Hakuna shida, Muhawe. Hakuna shida. Unakula?"

Wakaingia Kinyarwanda, haraka haraka, na Laurence hakuelewa tena ila neno hapa na pale. Madame Efua alimtazama kumuuliza wanasema nini, naye akatikisa kichwa. Hakuna aliyemhitaji pale. Alisikia wanacheka, wote wawili kwa pamoja, mama hapa na binti kule Walikale, na machozi ya Uwamahoro yakimdondokea kidevuni bila kujipangusa. Laurence alingoja kufurahi. Kilichokuja ni uchovu tu, uchovu mkubwa wa miguu, akatamani kukaa.

Binti alifika Ijumaa ya wiki iliyofuata, nyuma ya pikipiki, akiwa mrefu kuliko mama yake alivyoeleza na koti limekuwa la saizi yake. Laurence alikuwa barabarani na wengine. Hakusogea karibu. Baadaye, mchana, alijilazimisha kwenda kibandani kwao, kwa sababu kulikuwa na neno alilodaiwa na nafsi yake kulisema.

"Miezi ile mitano," alimwambia Uwamahoro, "njo mimi niliipoteza. Kama ningekuuliza, mungepata mutoto Noeli."

Uwamahoro alikuwa akichuja maziwa kwa kitambaa. Hakuinua kichwa mara moja.

"Ni kweli," alisema. "Nilikukasirikia sana. Sasa mukono yangu iko na kazi." Akamjazia kikombe, akampa. Muhawe alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma yao, mdomo wazi, viatu bado miguuni. Uwamahoro alitazama upande ule, kisha akauliza, kama mtu anavyouliza habari za nyumbani, "Na wewe, bwana yako iko wapi?"

"Bado hajarudia," Laurence alisema.

Yalimtoka hivyo tu. Hakuyachagua. Akakaa na kikombe mkononi, akiyasikia tena yale maneno mawili, kwanza "bado", halafu "hajarudia". Hakuwa amesema hakurudi. Kwa Kiswahili, katika miaka hii miwili, alijiuliza, je, aliwahi hata mara moja kusema hakurudi? Hakukumbuka kulisema. Maziwa yalikuwa ya moto. Yalimuunguza ulimi, akaendelea kunywa.

"Alitoka Pinga?" Uwamahoro aliuliza.

"Alibaki Pinga."

"Nani alienda kumuuliza kule?"

"Hakuna," Laurence alisema. "Hakuna aliyeenda."

Jumatatu alifika biro kabla ya Madame Efua. Alitoa fishi mpya, kwa maana ile ya zamani ilikuwa na muhuri na hairekebishiki. Akaandika: "He is tall. He repairs radios. He has not come back yet." Aliyaandika bila kusita, kama mtu anayenakili kutoka ubaoni.

Madame Efua alipoingia aliisoma akiwa bado amevaa koti la mvua. Alisema kuna watu wawili watakaokwenda Pinga Alhamisi na pikipiki, njia ikikubali. Kisha akageuza karatasi upande wa nyuma, kwenye nafasi tupu ya maelezo, akamrudishia.

"Watamtambuaje? Urefu tu hautoshi. Warefu ni wengi."

Laurence alichukua biki. Aliandika kwamba Élie huvaa kofia hata ndani ya nyumba. Kwamba ana kovu kwenye kidole gumba kutokana na chuma cha kuunganishia nyaya. Kisha ikabidi aandike namna anavyozungumza, na hapo akasimama. Alitafuta neno la Kiingereza. Alijua maneno mengi ya namna hiyo. Alikuwa na orodha yake nzima kichwani, yamepangwa mawili mawili, la haraka na la taratibu, la kelele na la kimya. Ila ili kuchagua ilimlazimu aisikie kwanza ile sauti, na kwa muda mrefu haikuja. Nje ng'ombe walikuwa wakipelekwa sokoni, na mtu alikuwa akigombana na motari wa pikipiki kuhusu tope.

Ilikuja kwa mbali, ikihesabu mishale.

Hakuanguka, wala hakupiga ukelele. Macho yalimjaa tu na kuteremka, na kwa kuwa hakuwa na kitambaa aliyapangusa kwa mkono wa sweta yake, akamwomba Madame Efua dakika moja. Madame Efua alikwenda kusimama mlangoni, akawageuza watu waliokuwa wanaingia, akawaambia kwa ishara wangoje kidogo, akaufunga mlango.

Laurence aliandika neno la sauti ile, akaweka nukta. Akakunja fishi mara mbili, akaitia kwenye bahasha ya Pinga pamoja na nyingine sita, kisha akaenda kuufungua mlango, kwa sababu nje kulikuwa na mstari na mvua ilikuwa inaanza.